Fundi Ametumwa

Siku hiyo Mwalimu aliamka na hasira, jambo ambalo halikumshangaza mtu yeyote aliyemfahamu. Kuna watu hawaoni sawa bila chai ya asubuhi. Yeye alikuwa haoni sawa bila kumfokea mtu. Na aliyejipeleka mwenyewe mdomoni mwake Jumamosi hiyo alikuwa kijana mpya wa meza za nyuma, shati limepigwa pasi mpaka linatisha, aliyesimama mbele ya wenzake akasema kwa Kiingereza, bila aibu wala wasiwasi, "We have sent him yesterday."

"Yesterday!" Mwalimu aliipiga meza kofi. "Nani amekutuma uniletee jana humu ndani? Toka nayo! Ipeleke nje, kisha urudi peke yako!"

Darasa likaangua kicheko. Kijana naye akacheka kidogo, halafu akaona Mwalimu hacheki, akaketi.

Lile halikuwa darasa la shule. Kilikuwa chumba cha mikutano cha kampuni ya kujibu simu, chenye viti vya magurudumu na kipoza hewa kilichodondosha maji kwenye ndoo pembeni. Kampuni ilijibu simu za malalamiko kwa niaba ya makampuni mengine: ya lifti, ya jenereta, ya pampu za maji, ya majokofu. Yenyewe haikuwa na lifti hata moja wala hata bisibisi ya kukazia skrubu. Ilichokuwa nacho ni sauti za vijana na vifaa vya kuvaa masikioni. Wenye kampuni walikaa mbali, na kwa kuwa walipenda kusikiliza simu zilizorekodiwa, waliamuru zote zijibiwe kwa Kiingereza, hata kama mteja analia kwa Kiswahili. Ndiyo maana Mwalimu, aliyefundisha sekondari mpaka akachoka na chaki, akaajiriwa hapo.

"Sikilizeni, na leo ni mara ya mwisho," alisema, na wote walijua si mara ya mwisho. "Sisi tunasema 'nimemtuma jana' na hakuna anayekufa. Mwingereza hataki. Akishasema have sent, jambo limefanyika, basi, usimuulize siku wala saa. Akitaka kutaja jana, au saa nne, au wiki iliyopita, anaacha have, anasema sent. Moja haina tarehe, nyingine inadai tarehe yake kama mtoto anavyodai titi. Mteja anakupigia, anafoka, anataka kujua fundi wake yuko wapi. Unachagua ipi?"

"Have sent, Mwalimu," alijibu binti wa mbele. Huyo walimwita Asali kwa sauti yake. Angeweza kukuambia nyumba yako inaungua ukamshukuru.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nikisema sent, ataniuliza lini."

"Na akiuliza lini hata hivyo?"

"Narudia have sent, kwa upole zaidi."

"Mmemsikia? Huyo ndiye ninayemfundisha. Nyinyi wengine sijui mnafuata nini hapa."

Sheria yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya meneja, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Pole kwa kuwa alimwambia kila mtu pole na hakumpa yeyote kitu kingine. Bwana Pole alisema mteja ukimtajia saa umempa fimbo ya kukuchapia. Kwa hiyo mlalamikaji akishaingizwa tu kwenye kompyuta, anaambiwa fundi ametumwa. Kama fundi huyo yuko, kama ana gari, kama amezaliwa, hayo yalikuwa ya kampuni ya lifti huko. Mwalimu aliyajua haya yote. Alijiambia kwamba kazi yake ni lugha, na lugha ya vijana wake ilikuwa safi. Kila Jumatatu alisikiliza simu za wiki na kutoa alama. Aliyetaja saa alikatwa, na aliyekatwa mara nyingi alionyeshwa mlango.

Mchana alipofika nyumbani alikuta watu wamejaa kwenye ngazi.

Waliishi ghorofa ya sita, yeye na mama yake, katika jengo la zamani lenye ngazi nyembamba na lifti moja. Alipanda akisukuma watu, akiwauliza kwa ukali kama hawana makwao, mpaka ghorofa ya nne. Hapo, mbele ya mlango wa lifti, alisimama msimamizi wa jengo na rundo la funguo kiunoni. Mbele yake alikuwapo fundi bomba wa ghorofa hiyo, mwanamume wa maneno machache, na mtaimbo mkononi. Mshonaji wa ghorofa ya tano alikuwa amechuchumaa, mdomo kwenye ufa wa mlango, akiongea na mtu aliye ndani.

"Vuta pumzi polepole, Mama. Polepole. Binti yako huyu hapa, amefika."

Mwalimu aliinama kando yake kwenye ufa.

"Mama?"

"Nipo, mwanangu." Sauti ilitoka chini kidogo, kama ya mtu aliye ndani ya pipa. "Imesimama katikati. Taa imezimika. Joto tu."

"Pampu yako ya pumu unayo?"

"Iko mezani, karibu na redio. Si nilishuka kununua vitunguu tu? Nikasema narudi sasa hivi." Akakohoa, na kikohozi kile kilikuwa na filimbi ndani yake. Mwalimu aliifahamu filimbi hiyo tangu utoto.

Alipanda mbio ghorofa mbili, akapekua, akaangusha redio, akaichukua pampu, akashuka. Kisha akasimama nayo mbele ya mlango wa chuma kama mjinga, kwa sababu ufa ule ulikuwa mwembamba na hata ukucha haukupita. Pampu anayo, mama yuko hatua mbili kutoka kwake, na hakuna pa kuipitishia.

"Mnangoja nini?" aliwageukia. "Nyinyi wanaume na chuma mkononi mnangoja nini?"

"Muulize huyu," fundi bomba alisema, akielekeza kidevu kwa msimamizi.

Msimamizi alikuwa ametanua mikono kuziba mlango. Jasho lilimtiririka. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Mwalimu zaidi. Angekuwa mbaya angemsukuma tu.

"Dada, nisikilize. Hii si milango ya kabati. Wakifungua bila fundi na lifti ikajivuta, itamkata mtu. Jengo la pili hapo mtu alipoteza mguu hivi hivi. Na nimeshapiga simu mimi mwenyewe. Fundi ametumwa. Akifika anaizima, anaishusha taratibu, Mama anatoka kwa mlango kama mtu. Kwa nini tumhatarishe na mtu yuko njiani?"

"Wamekuambiaje? Maneno yao hasa."

Msimamizi alijikohoza. Kiingereza chake alikipenda. "'A technician has been sent to your location, sir.' Hivyo. Sir, wameniita."

Mwalimu aliyatambua maneno hayo. Kila siku alipanda lifti ile, na namba ya malalamiko iliyobandikwa karibu na vitufe ilikuwa ya kampuni yake, aliijua vizuri kuliko namba yake mwenyewe. Hakuwahi kumwambia jirani yeyote. Angewaambia, wasingempa raha. Kila asubuhi wangemngoja ngazini na malalamiko yao. Mama mwenyewe alijua tu kwamba mwanawe anafundisha Kiingereza kwenye kampuni kubwa mjini, na alilisema hilo kwa kila aliyekuwa na masikio.

Aliitoa simu, akapiga, akaweka sauti kubwa ili wote wasikie. Ilipokelewa upesi. Ilikuwa sauti tamu, iliyotulia, iliyomtakia mchana mwema kwa Kiingereza kilichonyooka.

"Asali! Ni mimi! Ni Mwalimu!"

Vidole vikagonga kibodi mahali fulani.

"Mama yangu amekwama kwenye lifti. Ana pumu. Niambie ukweli, kuna mtu anakuja?"

"I am so sorry to hear that, madam. A technician has been sent."

"Lini? Alitumwa saa ngapi? Nani? Ametokea wapi?"

"He has been sent, madam."

"Usiniite madam, mshenzi wewe! Asubuhi hii tumekaa chumba kimoja! Saa ngapi?"

Vidole vikagonga kibodi tena. Binti yule alikuwa amemtambua, hakukuwa na shaka. Alijua pia kwamba simu inarekodiwa, na alijua nani atakuja kuisikiliza Jumatatu akiwa na kalamu nyekundu. Aliporudi, sauti ilikuwa imeongezwa upole, vilevile kama alivyoahidi darasani.

"Please be assured that your case has been given priority."

Sentensi hiyo Mwalimu aliitunga mwenyewe. Aliiandika ubaoni, akawakaririsha, akajisifu nayo mbele ya Bwana Pole, na Bwana Pole akasema hii ni dhahabu. Sasa aliisikia ikisomwa juu ya filimbi ya kifua cha mama yake. Alikata simu kwa nguvu mpaka kidole kikauma.

"Si umesikia?" msimamizi alisema, ameridhika. "Wamempa kipaumbele. Yuko njiani."

"Hayuko njiani."

"Wamesema ametumwa!"

"Wanadanganya! Hakuna mtu. Fungua!"

"Umejuaje?"

"Najua tu."

"Dada, kwa 'najua tu' mimi siwezi. Wewe umejuaje?"

Mshonaji alinyanyua kichwa kutoka kwenye ufa. "Amenyamaza," alisema. "Mama hajibu tena. Mama! Mama, gonga basi!"

Kishindo kimoja kikasikika, dhaifu, cha kiganja kwenye bati. Kisha basi.

Hasira ya Mwalimu ilikuwa imezoea kwenda kwa watu. Ilikwenda kwa wanafunzi, kwa makonda, kwa wauza duka, na daima ilipata mtu wa kumkalia. Sasa ilizunguka pale ngazini: ikamgusa msimamizi, ikamgusa fundi bomba, ikakimbilia mjini kwa Asali, ikakimbilia ofisini kwa Bwana Pole, na kote ikamrudia yeye mwenyewe. Akapiga ukelele, na ukelele wenyewe ulikuwa na makali, kama vile hatia ni ya hao waliosimama kumtazama.

"Kwa sababu mimi ndiye ninayewafundisha! Mmeelewa? Mimi! Nalipwa kwa kazi hiyo! Nawafundisha waseme 'has been sent' kwa sababu haina saa, haina siku, haina mtu! Ukiingizwa kwenye kompyuta unaambiwa fundi ametumwa. Hata kama hakuna fundi. Anayetaja saa namkata alama! Yule binti nimemfundisha mimi, na amejibu vile vile nilivyomfundisha, na ndiyo maana najua hakuna mtu anakuja hapa, si leo, si kesho! Fungua mlango huo!"

Fundi bomba alimwangalia kama anamwona kwa mara ya kwanza. Msimamizi aligeuka na kupanda mbio kuelekea chumba cha mashine juu ya paa, funguo zikilia kiunoni. Huyo mtu aliyekuwa akiogopea mguu wa mtu alipanda ghorofa zile kwa kasi kuliko kijana.

"Nimeshazima!" ilisikika kutoka juu. "Umeme nimeukata! Fungueni!"

Fundi bomba aliingiza ncha ya mtaimbo ufani, akaegemea kwa uzito wake wote. Chuma kililia. Mlango wa nje ukaachia, kisha wa ndani ukafunguka nafasi ya mkono. Mwalimu alilala kifudifudi sakafuni, akaingiza mkono wenye pampu kwenye giza la joto, akipapasa.

"Shika, Mama. Shika. Iko hapa."

Mkono wa mama ulikuja, umelowa jasho, ukaichukua pampu bila kuushika mkono wake. Akasikia mlio wa dawa. Kisha mlio tena.

Walipofaulu kuitanua milango, fundi bomba aliruka ndani akamnyanyua kikongwe yule kwa makwapa, na wengine wakampokea kutoka juu. Walimkalisha kwenye ngazi, kanga imelowa, uso umepauka, mfuko wa vitunguu bado umening'inia mkononi. Mshonaji alimpepea kwa kipande cha kitambaa. Ilipita muda kabla filimbi haijalegea.

Watu walipoona amepona, ndipo walipokumbuka kukasirika.

"Kumbe ni wewe," mshonaji alimwambia Mwalimu, bila kuacha kupepea. "Tangu lifti ianze kutikisika mimi napiga simu. Nabeba majora ya vitambaa kichwani mpaka ghorofa ya tano, nikiwa na mimba, mpaka ikaharibika, na kila nikipiga naambiwa ametumwa, ametumwa. Nikasema labda mafundi wetu wavivu. Kumbe aliyekuwa ananidanganya tunapishana naye hapa kila siku, ananisalimia, 'habari za kazi, dada'."

"Sikujua kama wewe..."

"Hukujua nini? Umesema mwenyewe unajua."

Msimamizi aliyekuwa ameshuka alitazama pembeni. Mtu mmoja wa nyuma alitukana, na hakuna aliyemkemea.

Mama alinyanyua mkono, wakanyamaza.

"Nimesikia yote," alisema. Alisema kwa vipande, akipumzika katikati. "Mle ndani sauti inaingia vizuri."

"Mama, usiongee kwanza."

"Siku ile lifti iliponitikisa nikaogopa, nilipiga ile namba. Wakanijibu Kiingereza. Mimi Kiingereza changu ni cha kubahatisha. Nikayashika yale maneno, nikayarudia njia nzima nisiyasahau, nikakuletea wewe jikoni. Nikakuuliza, hawa wanasemaje? Unakumbuka ulinijibu nini?"

Mwalimu aliangalia sakafu.

"Nijibu. Watu wanasikia, wasikie na hili."

"Nilikwambia wametuma fundi."

"Ukaniambia wametuma, Mama, tulia. Nikatulia. Nikaendelea kuipanda lifti." Kikongwe alivuta pumzi. "Ulijua?"

Kulikuwa na majibu mengi. Alikuwa amechoka siku ile, alikuwa anakatakata mboga, alikuwa na simu za watu kichwani, hakutaka maneno marefu. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililotoka.

"Nilijua."

Mama alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa hesabu yake na kukuta ni ile ile aliyoidhania. Hakupiga kelele. Mwalimu angetoa chochote apigiwe kelele; kelele alizijua, angezijibu.

"Na mimi nawaambia watu wa jengo hili lote, mwanangu anafundisha," mama alisema.

Akashika ukingo wa ngazi, akajaribu kusimama. Mwalimu aliruka kumshika mkono.

"Hapana. Wewe niache." Akamgeukia mshonaji. "Nishike wewe, mwanangu. Tupande taratibu."

Walianza kupanda. Mshonaji alimkumbatia kiunoni, fundi bomba akatangulia na mfuko wa vitunguu. Mwalimu alifuata nyuma, ngazi moja chini yao, mikono ameitanguliza mbele kumdaka mama kama angeteleza, na hakuna aliyemwambia afuate wala asifuate. Hasira ilikuwa bado inachemka na haikuwa na pa kumwagika. Walipofika ghorofa ya tano na mama akasimama kupumua, ilimtoka yenyewe.

"Yule Asali atanitambua Jumatatu," alisema akisaga meno. "Mama yangu anakufa, yeye ananiita madam! Haki ya Mungu atanitambua!"

Mama hakugeuka. Alisubiri pumzi imrudie kwanza.

"Umfanye nini mtoto wa watu? Amejibu vizuri," alisema. "Mpe alama zote."

Kisha akamshika mshonaji bega, wakaendelea na ghorofa iliyobaki.